Mazuti, Esanse na Njia ya Mulenge

Uvira, Jumapili, mvua inanyesha

Kwa Baba, Kasongo,

Pokea salamu zangu wewe na Mama, na kila aliyeketi nanyi wakati bahasha hii inafunguliwa. Mgongo wa Mama umepoa? Na jicho lako la kushoto, lile linalotoa machozi ukisoma, linaendeleaje? Kama linakusumbua, mpe mdogo wangu Kasimiri akusomee, lakini akusomee wewe peke yako kwanza. Mama aitwe baadaye, ukishajua utamwambia nini.

Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini hapa hakuna asiyekonda. Sabina yuko hai. Nalisema mapema ili usikimbie mistari kulitafuta. Binti yako yuko nyumbani kwangu, anakula, anatembea mpaka ufukweni na kurudi. Mengine nitayaandika kwa utaratibu kama ulivyonifundisha, nikifuata daftari langu la kila siku, kwa sababu nikiyaandika kama yanavyonijia kichwani sitamaliza.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule mfanyabiashara wa samaki wakavu. Ilikawia njiani, na mambo uliyouliza yalikuwa yamekwisha kupita. Uliandika: "Gaspari, nani alikudanganya uchukue gari la mazuti na kuacha la esanse? Mimi nimeendesha malori tangu hujazaliwa. Esanse ukiiita inaitika." Basi nianzie hapo.

Unakumbuka nilikuambia juu ya yule mzungu wa shamba la kwinini. Baada ya uhuru alivuka mpaka pale Kavimvira na mizigo yake, na magari yake mawili ya kupanda milima akayaacha uwanjani kwetu, kwenye zahanati hii ambayo mimi ni sekreteri wake, funguo zikiwa ndani. Yalifanana kama mapacha: turubai moja, rangi moja, na yote mawili magurudumu ya mbele na ya nyuma yanavuta. Tofauti ilikuwa injini tu: moja inakunywa esanse, ambayo watu wa ng'ambo ya ziwa wanaiita petroli, nyingine mazuti, dizeli yao. Kwa muda tuliyatumia yote. Kisha maasi yalipoanza kusikika upande wa uwandani, alikuja komanda wa askari. Hakuwa mtu mbaya. Aliketi kwenye ngazi za zahanati, akaomba chai, akaniambia:

"Sekreteri, gari moja ni ya bagonjwa, moja ni ya basoda, askari bangu. Chagua yako mbele nimalize hii kikombe."

Kwa bahati chai ilikuwa ya moto sana. Nilimwita Rubeni, shofere wetu, mtu aliyezaliwa Kavimvira na anayejua kila jiwe la barabara ya Bukavu, na nikamwita bwana muganga, daktari na mkubwa wetu. Tukasimama nyuma ya nyumba kama wezi.

Rubeni alisema kama wewe. "Minye nataka ya esanse. Unageuza ufunguo, inaitika. Hii ya mazuti unaibembeleza asubuhi yote, kama muke mwenye kununa."

"Muke mwenye kununa weye unamujua vizuri," muganga akamwambia. "Sekreteri, sema."

Nikasema niliyoyafikiri, na mpaka leo sioni mahali nilipokosa. Askari wote wanatumia esanse. Vita ikikaribia, esanse yote ya Uvira itakuwa yao, na gari letu litakuwa banda la kuku. Lakini mazuti yalikuwepo kwenye kiwanda cha pamba, na mashua kubwa za ziwani zinayatumia, na pipa moja la mazuti lilitupeleka mbali kuliko pipa la esanse. Tena mito ya uwandani, Baba. Wewe uliendesha Maniema ambako kuna pantoni. Huku wakati wa mvua maji yanapita juu ya barabara mpaka kwenye mlango wa gari. Injini ya esanse ikilowa bugi zake, zile plagi, cheche zinakufa na gari linasimama katikati ya maji. Ya mazuti haina bugi wala cheche. Inapita inakohoa, lakini inapita. Ubaya wake niliujua pia: ni nzito, ina kelele, na inachukia baridi. Nilisema Uvira haina baridi.

Komanda alipoweka kikombe chini nikamwambia, "Tunabaki na ya mazuti." Akacheka sana. Akasema, "Aksanti, sekreteri. Umenipa muzuri, umebaki na trakta."

Na kwa miezi mingi ilionekana sikukosea. Trakta hiyo ilileta wagonjwa kutoka Luberizi wakati mashamba ya mpunga yamekuwa ziwa. Rubeni mwenyewe aliacha kulalamika. Alikuwa anaipiga kofi kwenye boneti kila tukivuka mto, anasema, "Kunywa, mama, kunywa."

Kisha wenye kiwanda cha pamba walifunga milango. Mashua zikaacha kuja mara kwa mara, na zilizokuja hazikutaka kuuza mafuta yao. Tukabaki na mazuti chini ya pipa. Hapo ndipo lilipoingia jambo la mawese.

Sitaki useme lilikuwa wazo la Rubeni, wala langu. Kila mtu wa huku aliwahi kusikia kwamba injini ya mazuti inakula mafuta yoyote ukiyachuja. Na mawese hapa ni kama maji, yanateremka kutoka Fizi kwa mitumbwi, mekundu, kwenye madebe. Mke wa muganga aliyachemsha, sisi tukayachuja kwa kitambaa cha bandeji, tukayachanganya na mazuti, nusu kwa nusu. Injini ikawaka. Moshi wake ulinuka ndizi za kukaanga. Wamama wa sokoni walipoona tunapita walikuwa wanapiga kelele, "Rubeni, umetupikia nini leo?" naye anajibu, "Kuyeni na sahani!" Watu walicheka kidogo siku hizo, Baba, na wakati ule kicheko kilikuwa kimeadimika. Tulienda na mchanganyiko huo mpaka Luberizi na kurudi, mara nyingi, wala hapakuwa na shida.

Sasa nifike kwa Sabina. Unajua alikuwa Mulenge na mumewe, mwalimu Matayo, kwenye nyumba ya shule. Mimba yake ilikuwa imekomaa. Matayo akanitumia neno kwa mchunga ng'ombe aliyekuwa anateremka: mama mkunga wa huko amemshika tumbo, mtoto amekingama tumboni, hakugeuka, na yeye mkunga hawezi. Tena njia ya kuteremka inaweza kufungwa siku yoyote, kwa kuwa vijana wa maasi wamekwisha kuonekana chini ya mlima. Nilimpelekea muganga habari hiyo. Akaniambia bila kuzunguka: "Mutoto wa kulala vile, kama dada yako anabaki kule, tutabazika bote wawili. Nendeni. Muje naye hapa."

Tuliondoka kulipopambazuka, Rubeni na mimi. Tangi lilijaa mchanganyiko wetu. Nyuma tuliweka kidumu kimoja cha mazuti matupu, ya mwisho, tuliyoyatunza kwa siku ya hatari. Kavimvira askari walitusimamisha. Pale, kando ya nyumba ya forodha, nililiona lile gari la esanse. Lilikuwa limesimama kavu, halina hata tone, na komanda alikuwa ameketi ndani kwa sababu ya kivuli. Alinitambua. Akatoa mkono dirishani akasema, "Sekreteri, trakta iko inatembea?" Nikamwambia inatembea. Hakucheka safari hii. Akawaambia askari watuache tupite.

Uwandani maji yalikuwa juu. Tulivuka mto pale ambapo, kweli nakuambia, gari la esanse lingekufa. Maji yaliingia miguuni kwetu. Rubeni alikaza usukani mpaka tulipotoka ng'ambo, ndipo akanigeukia: "Sekreteri, minye nakuomba samahani kwa maneno ya siku ile. Tungebaki na ya esanse, tungekuwa tunaogelea." Nilifurahi. Nakuandikia hilo kwa sababu ni la kweli: katika siku ile nilikuwa na saa ya furaha, na sababu yake ilikuwa injini.

Tukapanda. Njia ile waliichimba watu wa kazi ya lazima zamani, ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine hakuna kitu. Injini ilipanda kwa gia ya kwanza kama ng'ombe anayejua zizi lake. Tulifika Mulenge jua likiwa linashuka. Sabina alitoka mlangoni akijishika kiuno. Amekomaa uso, Baba, amefanana na Mama. Alituangalia tulivyojaa matope akasema, "Munatoka kuoa ama kuzika?" Nikajua bado ana nguvu.

Nilitaka tugeuke palepale. Matayo alikataa, na hakukosea: giza likiingia, askari wa chini na vijana wa maasi wote wanapiga risasi kitu chochote chenye taa. Tungelala, tungeondoka na mwanga wa kwanza. Nikakumbuka mafunzo yako. Nikamwambia Rubeni aweke gari juu ya mteremko, pua ikitazama chini, ili lisipowaka kwa betri liwake kwa kusukumwa. Tukafanya hivyo. Tukafunika boneti kwa blanketi. Tulifanya kila ulichonifundisha.

Asubuhi kulikuwa na baridi ambayo huku ziwani hatuijui. Majani yalikuwa meupe, pumzi zetu zilionekana, ng'ombe walikuwa wanatoa mvuke. Uchungu wa Sabina ulikuwa umeanza. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, mkunga pembeni yake. Rubeni akageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikuitika. Akaacha, akajaribu tena. Betri ikaanza kuchoka. Tukaachia breki. Gari likateremka mteremko wote, akatia gia, likaruka, likanguruma mara moja, likanyamaza. Tukawa chini, mahali tambarare, na mteremko wetu tulikuwa tumekwisha kuutumia.

Rubeni alifungua mfuniko wa tangi, akaingiza fimbo. Ilitoka imeshika kitu kizito, cha rangi ya machungwa, kama uji wa mtoto. Mawese yalikuwa yameganda. Kwenye tangi, kwenye bomba, kwenye chujio, kila mahali.

Tukasimama tunatazama ile fimbo. Sabina aliinua kichwa kutoka kwenye godoro akauliza ni nini. Rubeni akamwonyesha.

"Mumetia mawese?" Sabina akasema. "Mukapanda nayo huku kwenyi baridi?"

Rubeni akaifuta fimbo kwenye majani.

"Weye Gaspari, muke wako chupa ya mawese anaiweka wapi asubuhi?"

"Karibu na jiko," nikasema.

"Juu ya sababu gani?"

"Ili yasigande."

"Na huko Uvira kwenyi joto!" akasema. "Nyiye wanaume hamujapika hata siku moja?" Kisha uchungu ukamshika, akaushika mkono wa mkunga.

Baba, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna mwanamke wa Uvira asiyejua kwamba mawese yanaganda alfajiri. Watoto wa kike wanatumwa kuyaweka karibu na moto kabla ya kupika. Hata mke wa muganga, aliyetuchemshia, angetuambia kama angejua tunakwenda mlimani. Lakini kwake tulikuwa tumeomba mafuta tu, hatukusema safari. Sisi tuliyaona mawese kama chakula yakiwa jikoni, na yakiwa ndani ya gari tuliyaona kama mazuti.

Tukaanza kazi. Wamama wa Mulenge walileta makaa kwenye vigae, tukayaweka chini ya tangi, mbali kidogo, Rubeni akiomba Mungu. Tulimwagia mabomba maji ya moto, tukayafunga kwa vitambaa vilivyochemshwa. Tulifungua chujio, tukalisafisha kwa mazuti ya kidumu, tukaunganisha kidumu chenyewe na bomba la injini. Lakini ukishafungua mabomba ya mazuti hewa inaingia, na injini ya mazuti yenye hewa tumboni haiwezi kitu mpaka uitoe, skrubu kwa skrubu, ukipiga pampu kwa kidole. Gari la esanse halina taabu hiyo. Nilikuwa nakusikia, Baba. Nilikuwa nakusikia wazi kama umesimama nyuma yangu, na nilikuwa namsikia Sabina.

Matayo akasema tumbebe kwa tipoyi, machela ya mabegani. Wachunga ng'ombe walikuwa tayari, walikwisha kukata miti. Mkunga akakataa: mtoto amelala vibaya, mkitikisa tipoyi kwenye mawe ya mteremko ule, mama anakufa njiani. Tukaendelea. Jua lilikuwa limepanda mpaka juu ya kilima, umande umekwisha, watu walipotusukuma na injini ikashika. Watu wakashangilia. Mimi sikuweza.

Matayo hakuja nasi. Alisema akiondoka yeye, wanafunzi wataambiwa mwalimu amekimbia, na shule itachomwa. Alimshika Sabina mguu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu na mlango, akasema, "Nitateremka Jumamosi." Hatujamwona. Njia ya Mulenge imefungwa tangu wiki ile, na kila anayetoka huko anasema habari yake tofauti. Naomba usimwambie Mama amekufa, kwa sababu hatujui.

Tulifika Uvira mchana umekwenda sana. Mto tuliuvuka tena, injini haikusita. Muganga alimwokoa Sabina. Aliniambia baadaye, akinawa mikono, kwamba kama tungefika saa chache mapema angewaokoa wote wawili. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Ni mtu asiyejua kusema uongo hata pale ambapo ungependa auseme.

Alikuwa mtoto wa kiume. Tumemzika nyuma ya zahanati, upande wa ziwa, na nimeweka mawe meupe. Sabina alikuwa amekwisha kumpa jina lako tangu tumboni. Anaomba jina hilo lipumzike kwanza, Kasimiri asilitoe kwa mtoto wake atakayezaliwa, mpaka yeye mwenyewe Sabina aseme.

Hajanilaumu. Ndilo linalonichosha zaidi. Siku za kwanza hakuongea. Sasa anaongea juu ya mambo ya nyumba, na kila jioni anauliza kama kuna mtu ameteremka kutoka milimani. Rubeni anakuja kumletea ndakala, dagaa wa ziwani, anaziweka mlangoni, anaondoka bila kupiga hodi.

Juma lililopita muganga aliniita. Kuna tumaini dogo kwamba wakubwa wa Bukavu watatupa gari jingine, kwa kuwa letu limechoka pampu, mawese yameiharibu. Akaniambia niandike maombi na nitaje injini tunayotaka. Nilirudi nyumbani na karatasi nyeupe. Sabina alikuwa jikoni, chupa ya mawese imesimama kando ya jiko lake. Nikamuuliza, sijui kwa nini nilimuuliza yeye.

"Minye sijui mazuti, sijui esanse," akasema, hakuinua macho. "Andika tu watu batie ndani yake mutu mwenye kujua kupika."

Nimeandika ya mazuti. Nilikaa na karatasi ile kwa muda mrefu nikatafuta sababu ya kuandika esanse, kwa heshima ya mtoto, na sikuipata. Esanse haipo Uvira. Lile gari lingine bado liko Kavimvira, nyasi zimeota kwenye magurudumu yake. Kama ningelichagua siku ile ya chai, nisingefika Mulenge kabisa, na leo ningekuwa nakuandikia habari ya makaburi mawili. Hivyo najiambia. Ninapojiambia mchana naamini. Chini ya maombi nimeongeza kwamba gari la mazuti likipelekwa mlimani lisizimwe kamwe jioni likiwa na mawese kwenye bomba. Lizimwe likinywa mazuti matupu. Kidumu kile tulikuwa nacho, Baba. Kilikuwa nyuma ya kiti.

Msalimie shangazi anayemsaidia Mama kuchota maji, mwambie Sabina anakumbuka sauti yake. Msalimie mjomba fundi cherehani, suruali aliyonishonea bado inanifaa kwa mkanda. Msalimie katekista aliyenifundisha kuandika, na mke wa Kasimiri, na mzee jirani aliyekuwa tanboi wako kwenye lori. Yeye pia msomee habari ya injini, atataka kusema neno lake. Mama mwambie kwa njia unayoijua wewe. Mwambie kwanza kwamba Sabina anakula.

Barua hii naitoa kwa mtu wa mtumbwi anayekwenda Baraka. Kutoka huko sijui itapita wapi. Ikikufikia, nijibu hata kwa mistari michache. Nataka kujua kama wewe, ukiwa na muda wa kikombe kimoja cha chai na komanda anangoja, ungechukua lile la esanse. Usinionee huruma. Nijibu kama dereva.

Mwanao anayekuheshimu,

Gaspari